Kiungo Kisichofika Madibira Si Rejea

"Weka linki tu." Neno hili nalisikia kila waandishi wa programu wanapokaa kuzungumzia nyaraka zao, iwe Dar es Salaam, Nairobi au hapa Iringa ninakoishi. Maana yake ni hii. Programu yoyote ya leo imesimama juu ya maktaba zilizoandikwa na watu wengine. Ukiandika kwa Python programu ya kupokea mpunga ghalani, huanzi kutunga upya hesabu za majedwali. Unachukua maktaba ya pandas iliyokwisha kuzifanya. Basi nyaraka zako zinapotaja kitu cha pandas, jina hilo ligeuzwe kiungo kinachompeleka msomaji kwenye kurasa za rejea za wenye pandas, huko mtandaoni, na kazi yako imeisha. Usieleze, usinakili, usibebe. Wenyewe wapo, seva zao zipo, mtandao upo.

Sina ugomvi na kuunganisha. Nyaraka zisizo na viungo ni mateso, na mtu anayemwambia msomaji "utatafuta mwenyewe" hajamhudumia. Ninachokipinga ni hilo "tu".

Tuelewane kwanza kazi yenyewe inavyofanyika. Chombo kiitwacho Sphinx, alichokianzisha Georg Brandl na kikatoka mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python, husoma msimbo pamoja na maelezo yaliyomo ndani yake, kisha hutoa kurasa. Pamoja na kurasa hizo hutoa faili moja dogo, objects.inv. Faili hilo ni fahirisi: lina kila jina lililoelezwa na ukurasa lilipo. Ukitaka nyaraka zako ziunganishwe na za pandas, Sphinx yako huenda kuchukua fahirisi ya pandas, hulitafuta jina humo, halafu huandika anwani yake ndani ya ukurasa wako. Javadoc hufanya hivyohivyo kwa watu wa Java, na Doxygen kwa watu wa C++, ingawa kila kimoja kina fahirisi ya namna yake. Ni kazi ya kupendeza. Zamani watu waliandika anwani hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, na herufi moja ikikosewa msomaji anapotea.

Lakini shika jambo moja. Fahirisi husomwa siku nyaraka zinapotengenezwa. Ukurasa wenyewe husomwa siku msomaji anapobonyeza. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka mitatu, na inaweza kuwapo safari ya kutoka ofisini kwangu hadi ghalani kwake. Wanaosema "weka linki tu" wanahesabu kana kwamba siku hizo mbili ni siku moja, na mwandishi na msomaji wameketi chumba kimoja.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Mwaka 2021 niliandika programu ndogo ya kupokelea mpunga kwenye ghala moja Madibira, bondeni Usangu, kwenye ile skimu ya umwagiliaji ya takriban hekta 3,000 inayokunywa maji ya mto Ndembera. Kazi ya programu ilikuwa nyepesi: karani wa mizani anaingiza jina la mkulima na kilo za gunia, programu inaongeza mstari kwenye jedwali, inatoa stakabadhi yenye namba. Kuongeza mstari nilitumia amri ya pandas inayoitwa append, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, toleo la 1.3. Nikatengeneza nyaraka kwa Sphinx, majina yote ya pandas yakawa viungo vya rangi ya buluu, nikaona nimefanya kazi ya kiungwana. Nikazinakili kwenye kompyuta ya ghala, nikapanda gari kurudi Iringa kwa njia ya Mafinga.

Mei ni mwezi wa mavuno kule. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024 karani wa mizani, kijana mwepesi wa kujifunza, alihamisha programu kutoka kompyuta ya zamani iliyokuwa ikifa kwenda kwenye nyingine. Mtandao ulikuwapo, akaweka Python mpya na pandas mpya, kama mtu yeyote ambavyo angefanya. Jumapili tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Jumatatu asubuhi magunia yakaanza kuingia.

Simu za kawaida zilikuwa zinafanya kazi. Akanipigia.

"Kamwene, kaka. Mizani imegoma."

"Kamwene. Inasemaje?"

"Inasema jedwali halina kitu kinaitwa append."

"Fungua nyaraka, nenda sehemu ya kupokea, ubonyeze hilo jina."

"Nimebonyeza, kaka. Inazunguka tu."

Nyuma yake nilisikia watu wakiuliza foleni imekwama kwa nini. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo rejea huandikwa ili mtu yeyote asilazimike kulifanya: nikamsomea msimbo kwa simu, herufi kwa herufi. Andika pd, nukta, concat, fungua mabano, fungua mabano ya mraba. Ilituchukua hadi karibu saa sita mchana, naye muda huo wote akiandika kilo kwenye daftari ili watu wasirudi na mpunga wao. Programu ikaamka. Baada ya muda akapiga tena: stakabadhi tatu zimetoka na namba ileile, sifuri. Nilisahau kumsomea sharti dogo, ignore_index, linaloiambia pandas ihesabu mistari upya badala ya kubeba namba ya zamani ya kila mstari. Sharti hilo limeelezwa waziwazi kwenye ukurasa ambao kiungo changu kilipaswa kumfikisha. Wakulima watatu walikuwa wameshika karatasi zinazodai mpunga wao ni mmoja.

Hapo mtetezi wa "weka linki tu" atasema: bahati mbaya, nyaya za baharini hazikatiki kila wiki. Ni kweli. Lakini sikiliza kilichofuata. Siku kadhaa baadaye mtandao uliporejea, kijana yule alibonyeza tena jina lilelile. Ukurasa haupo. Amri ya append ilikuwa imeondolewa kwenye pandas 2.0, iliyotoka Aprili 2023, na kurasa za rejea za toleo jipya haziitaji tena. Kiungo changu kilikuwa kimekufa mwaka mzima kabla nyaya hazijakatika, na hakuna aliyejua, kwa sababu kwa macho kilikuwa bado buluu na mstari chini yake.

Nilipozitengeneza nyaraka upya nyumbani nikaona jambo lililoniudhi zaidi. Sphinx ilichukua fahirisi mpya ya pandas, ikalitafuta jina, ikalikosa, ikaliacha kama maandishi ya kawaida. Haikulalamika. Kwa mpangilio wake wa kawaida jina la Python lisiloonekana kwenye fahirisi hupita kimyakimya. Lazima uwashe mwenyewe ule ukali unaoitwa nitpicky ndipo ikupigie kelele. Basi mtu anaweza kutengeneza nyaraka zake kila mwezi, viungo vikapukutika kimoja kimoja, naye akiamini mambo yote ni shwari.

Sasa niijibu hoja yao kubwa, ile wanayoitoa kwa kujiamini zaidi kuliko zote: nakala huchakaa, ilhali rejea ya mtandaoni ni mpya siku zote. Hoja hii ina kasoro kwenye mzizi. Inadhani msomaji anatumia maktaba mpya siku zote. Hatumii. Anatumia maktaba iliyo kwenye kompyuta yake. Ile kompyuta ya zamani ya ghala ilikuwa na Windows 7, na Python ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 3.8. Ukimpa kiungo cha docs.python.org/3, unampeleka kwenye nyaraka za toleo la karibuni kabisa, maana ndivyo anwani hiyo ilivyopangwa. Huko ataambiwa moduli ya distutils imeondolewa, kwa sababu iliondolewa kwenye 3.12 ya Oktoba 2023. Ataambiwa cgi nayo imeondoka, kwa sababu iliondoka na 3.13 ya Oktoba 2024. Lakini kwenye mashine yake zote mbili zipo na zinafanya kazi. Kwake yeye, upya wa ukurasa ndio uongo wa ukurasa. Mtu mwenye trekta la mwaka 1985 humletei kitabu cha trekta la mwaka huu ukamwambia hiki ndicho bora, hakijachakaa.

Rejea sahihi ni ile inayolingana na kitu kilicho mkononi. Hilo halitegemei umri wake. Nakala ya nyaraka za pandas 1.3 itakuwa sahihi kwa pandas 1.3 hata baada ya miaka ishirini, kwa sababu pandas 1.3 yenyewe haitabadilika tena. Kinachobadilika ni anwani isiyotaja toleo.

Na anwani huhama pia, hata pale maudhui yanapobaki. Watu wa Qt wanalijua hili kwa machungu. Maktaba hiyo ilizaliwa Norway kwa kampuni ya Trolltech, na rejea zake zikakaa chini ya jina la Trolltech. Mwaka 2008 Nokia ikainunua kampuni, rejea zikahamia kwa Nokia. Mwaka 2012 Nokia ikaiuza Qt kwa Digia, rejea zikahama tena, na leo zinakaa doc.qt.io. Wenye Java nao: Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, nyumba ya java.sun.com ambayo maelfu ya nyaraka duniani zilikuwa zikiielekea ikawa nyumba ya marehemu, na rejea zikakaa docs.oracle.com. Hakuna aliyefanya kosa. Kampuni huuzwa, majina hubadilika, ndiyo dunia. Lakini mwandishi aliyeweka kiungo tu aliiweka sehemu ya nyaraka zake chini ya uamuzi wa watu wasiojua kama yupo. Mkulima yeyote wa Madibira anaijua hali hiyo: jaruba lako limelimwa, mbegu imepandwa, na mlango wa maji uko kwa mtu mwingine mbali juu ya mfereji.

Hoja ya pili ni ya bando. Kila mtu ana simu janja siku hizi, wanasema, na minara imefika vijijini. Imefika, na ninashukuru. Lakini kuna tofauti kati ya mtandao kuwapo na mtandao kuwapo saa ile, kwenye kompyuta ile, kwa fedha ya yule anayebonyeza. Karani wa mizani hununua bando kwa fedha yake ili azungumze na nyumbani. Ninapomlazimisha awashe mtandao wa simu yake, aunganishe kompyuta ya ghala, ndipo asome maana ya neno nililoandika mimi, nimemhamishia gharama yangu. Tena gharama hiyo humfikia siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayefungua nyaraka siku mambo yanapokwenda vizuri.

Hoja ya tatu ndiyo ya heshima kuliko zote, na nitaijibu kwa heshima: kunakili rejea za watu ni kuwaibia. Hofu hii ni njema lakini mara nyingi haina msingi, kwa sababu wenye maktaba huria wengi wamekwisha kuandika ruhusa. Pandas iko chini ya leseni ya BSD. Nyaraka za Python ziko chini ya leseni ya taasisi ya Python yenyewe. Zote zinaruhusu kusambaza nakala mradi tangazo la hakimiliki libaki mahali pake. Zaidi ya hapo, Python wameweka ukurasa maalumu wa kupakulia nyaraka nzima zikiwa zimefungwa pamoja, na Django nao wanatoa za kwao kwa namna hiyo. Watu wanaokufungia mzigo na kukupa mkononi hawasemi usiubebe. Wapo wenye maktaba wasioruhusu, na hao waheshimiwe: soma leseni, na ikikataa, weka kiungo kinachotaja toleo na uandike kwa maneno yako mwenyewe yale ambayo msomaji hawezi kuyakosa.

Namalizia hoja zao na ile ya ukubwa, isiyohitaji maneno mengi. Nyaraka za Python na za pandas kwa pamoja zinaingia kwenye flashi ya kawaida ya dukani, na nafasi nyingi inabaki.

Basi kazi inafanywaje? Hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu, kwa sababu waliotengeneza vyombo hivi walitufikiria kabla sisi hatujajifikiria. Kwenye Sphinx, kila maktaba ya nje unayoitaja ina sehemu mbili: mahali viungo vitakapoelekea, na mahali fahirisi itakapochukuliwa. Watu huandika anwani ya mtandao kwenye ya kwanza, huiacha ya pili tupu, na hapo hapo hudhani hakuna zaidi. Zote mbili zinaweza kuwa njia za folda. Unaweka nyaraka za pandas 1.3 kando ya nyaraka zako, unaielekeza sehemu ya kwanza kwenye folda hiyo, unaielekeza ya pili kwenye objects.inv uliyoihifadhi pamoja na msimbo wako. Kuanzia hapo kila jina la buluu linafungua ukurasa uliomo ndani ya kompyuta ileile. Javadoc ina chaguo ambalo jina lake pekee lingetosha kutufundisha, -linkoffline, linalotenganisha mahali fahirisi ilipo na mahali kurasa zilipo. Doxygen huandika faili la lebo za maktaba moja na kulisoma wakati wa kutengeneza nyaraka za nyingine, na njia ya folda inakubalika humo bila shida. Vyombo vipo. Uvivu wetu ndio tulioupa jina la utaratibu bora.

Nilizitengeneza upya nyaraka za ghala lile kwa namna hii mwezi uliofuata, nitpicky ikiwa imewashwa. Jaribio la kwanza lilitoa malalamiko kurasa mbili nzima, majina ambayo kwa miaka yalikuwa yamepita kimya. Baadhi yalikuwa makosa yangu ya tahajia. Nilikaa nayo siku mbili, na siku hizo mbili ndizo nilizokuwa nadaiwa tangu 2021.

Ninalisema hili kwa sauti kwa sababu programu zetu haziko tena Dar es Salaam peke yake. Takwimu za vituo vya afya nchini hupita kwenye DHIS2, mfumo unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa ushirikiano na vyuo vingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kazi Eldoret mwaka 2006. Novemba 2023 watu wa Django kutoka barani kote walikutana Zanzibar kwa DjangoCon Africa. Vijana wanaomaliza vyuo vya Mbeya na Iringa wanaandika programu za maghala, za zahanati, za mgao wa maji. Programu hizo zinakwenda kuishi Rujewa, Madibira na Igawa, mikononi mwa mtu mmoja anayejua kidogo na yuko tayari kujua zaidi. Mtu huyo ndiye fundi wa kesho. Anajifunza kazi kwa kubonyeza majina asiyoyajua, jioni, foleni ikiwa imekwisha. Kila jina linalofunguka linamwongeza. Kila jina linalozunguka bila kufunguka linamfundisha kwamba elimu hii ni ya watu wa mahali pengine.

Tazama kamusi yoyote ya Kiswahili. Inapokwambia "tazama neno fulani", neno hilo limo ndani ya kitabu hichohicho ulichokishika. Mtungaji angeweza kuandika "nenda maktaba kuu ukaulize", akapunguza kurasa na gharama za uchapaji. Hakuna mtungaji wa kamusi aliyewahi kuthubutu.

Kwa hiyo ninamwomba kila anayekabidhi programu msimu huu afanye jambo moja kabla hajapanda gari kurudi mjini. Zima mtandao wa kompyuta unayoiacha. Mpe kiti yule atakayebaki nayo, umwombe afungue nyaraka na kubonyeza jina la kwanza la maktaba ya nje atakaloliona, wewe ukiwa umesimama nyuma yake. Ukurasa usipofunguka, au ukifunguka ukiwa wa toleo jingine, usiage. Kazi uliyolipwa bado hujaimaliza.